Aliko Dangote: Mwagizaji wa Saruji Aliyegeuka Mwenye Viwanda, na Namna Utajiri Wake Unavyopimwa

Na Mwandishi Wetu

Kwa wakazi wa mikoa ya Lindi na Mtwara, Dangote ni jina lililoandikwa ubavuni mwa malori yanayobeba saruji kwenye barabara ya Kusini. Kwa wafuatiliaji wa habari za biashara duniani, ni jina la raia wa Nigeria ambaye jarida la Forbes la Marekani limemweka nafasi ya kwanza mfululizo tangu lilipoanza kuchapisha orodha ya matajiri wa Afrika mwaka 2011, na ambaye pia ni miongoni mwa watu 100 matajiri zaidi duniani.

Kila orodha hiyo inapotoka, maswali yaleyale huulizwa vijiweni na kwenye mitandao ya kijamii. Je, mtu huyu anazo fedha hizo benki? Alizipataje? Na kiwanda chake kinapojengwa katika nchi nyingine, nchi hiyo inatoa nini na kupata nini? Makala hii inajibu maswali hayo kwa kufuata safari ya kibiashara ya Dangote kuanzia Kano, Nigeria, hadi katika kijiji cha Msijute mkoani Mtwara.

Mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara

Aliko Dangote alizaliwa tarehe 10 Aprili, 1957 mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kano ni mji wa kale wa biashara. Misafara ya ngamia iliyovuka jangwa la Sahara ilifikia hapo kwa karne nyingi, na katika karne ya 20 magunia ya karanga yalipangwa mjini humo mfano wa piramidi yakisubiri treni ya kuyapeleka bandarini. Miongoni mwa waliotajirika kwa karanga hizo, pamoja na biashara ya kola, alikuwa Alhassan Dantata, ambaye alipofariki mwaka 1955 alihesabiwa kuwa tajiri mkubwa kuliko wote Afrika Magharibi. Huyo ni babu wa mama yake Dangote.

Ni vema jambo hili lisemwe mapema, kwa kuwa simulizi nyingi za matajiri hupenda kuanza na umaskini. Dangote hakuanza na umaskini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa na babu yake, Sanusi Dantata, katika nyumba ambayo mazungumzo ya bei, mizigo na mikopo yalikuwa ya kila siku. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba akiwa shule ya msingi alinunua maboksi ya peremende na kuyauza ili apate faida. Baadaye alisoma masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar, Cairo, nchini Misri.

Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 20, alianza biashara yake kwa mkopo wa naira 500,000 kutoka kwa jamaa wa ukoo wa Dantata. Kwa maelezo yake, aliurejesha mkopo huo ndani ya miezi 3. Wakati huo hicho kilikuwa kiasi kikubwa cha fedha, na vijana wa Kano waliokuwa na ndugu wa kuwakopesha kiasi hicho walikuwa wachache sana.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha neema kwa waagizaji. Bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda, Nigeria ilikuwa na fedha nyingi za kigeni, na Serikali ya kijeshi ilikuwa ikijenga kwa kasi. Saruji ndiyo iliyotakiwa kuliko bidhaa nyingine zote za ujenzi. Mwaka 1975, miaka 2 kabla ya Dangote kuanza, Nigeria ilikuwa imeagiza saruji nyingi mno kiasi kwamba mamia ya meli yalikwama nje ya bandari ya Lagos yakisubiri zamu ya kushusha, na shehena nyingine ikaharibika ikiwa bado melini. Sakata hilo lilionesha mambo mawili: ukubwa wa mahitaji ya saruji nchini humo, na udhaifu wa nchi inayotegemea meli kwa bidhaa ambayo malighafi yake kuu, mawe ya chokaa, imejaa katika ardhi yake yenyewe.

Dangote alihamia Lagos, na kwa takriban miaka 20 alikuwa mwagizaji. Aliingiza saruji, sukari, mchele na bidhaa nyingine za chakula. Uagizaji huo uliendeshwa kwa vibali vya Serikali, hivyo mfanyabiashara aliyefanikiwa alipaswa kuijua bei ya dunia, kuijua bandari, na pia kuzijua ofisi zinazotoa vibali. Wakosoaji wake wamelisema hilo mara nyingi, naye hajawahi kuficha ukaribu wake na viongozi wa tawala mbalimbali.

Uamuzi wa kujenga viwanda

Mageuzi yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Dangote amesimulia kwamba alizuru Brazil katika muongo huo, na alichokiona viwandani huko kilimfanya ajiulize kwa nini Nigeria, yenye watu wengi kiasi hicho, ibaki kununua kila kitu nje. Alianza na bidhaa alizokwisha kuzifahamu kama mwagizaji: kinu cha unga na kiwanda cha kusafisha sukari katika bandari ya Apapa. Mantiki yake ilikuwa rahisi. Aliyekwisha kuuza sukari ya wengine kwa miaka 20 anajua idadi ya wanunuzi, anajua malori yanapopita, na anajua bei ambayo mlaji hawezi kuivuka.

Lakini viwanda vya saruji vinahitaji kitu kingine zaidi ya ujuzi wa soko. Vinahitaji mtaji mkubwa unaofungwa ardhini kwa miaka mingi, na hakuna mtu anayeweza kufunga fedha kiasi hicho ikiwa meli yenye saruji ya bei ya chini inaweza kutia nanga wakati wowote. Hapa ndipo sera ya Serikali ilipoingia. Mwaka 2002, chini ya uongozi wa Rais Olusegun Obasanjo, Nigeria ilianza kutoa vibali vya kuagiza saruji kwa wale tu waliothibitisha kwamba wanajenga viwanda vya saruji nchini humo. Mwagizaji aliambiwa kwa vitendo kwamba ajenge, la sivyo aondoke sokoni.

Dangote alijenga. Kiwanda cha Obajana, katika Jimbo la Kogi, kilizinduliwa mwaka 2007, na baada ya kupanuliwa kwa awamu kadhaa kimekuwa miongoni mwa viwanda vikubwa zaidi vya saruji barani Afrika, chenye uwezo wa kuzalisha zaidi ya tani milioni 16 kwa mwaka. Mwezi Oktoba 2010, kampuni ya Dangote Cement iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nigeria na mara moja ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote sokoni hapo. Leo kampuni hiyo inafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Zambia, Senegal, Cameroon, Afrika Kusini na Tanzania.

Sera hiyo ilikuwa na gharama zake, na haitakuwa haki kuziacha. Pamoja na ulinzi wa soko, wenye viwanda walipewa misamaha ya kodi kwa miaka ya mwanzo. Nigeria ikajitosheleza kwa saruji, lakini wananchi wake wakaendelea kulalamikia bei ya mfuko, wakisema ushindani ulibaki mikononi mwa kampuni chache. Watetezi wa sera hiyo hujibu kwamba bila ulinzi viwanda visingekuwapo kabisa. Mjadala huo haujafungwa hadi leo, na kila nchi inayotoa unafuu kwa wawekezaji wa viwanda hulazimika kuufanya kwa namna yake.

Si kila alichokigusa kilifanikiwa. Mwaka 2012 aliuza hisa nyingi za kampuni yake ya unga kwa kampuni ya Tiger Brands ya Afrika Kusini. Wanunuzi hao walipata hasara kubwa, na mwishoni mwa mwaka 2015 wakakubali kumrudishia hisa hizo kwa dola 1 ya Marekani. Kwa upande wake ilikuwa bahati. Kwa wanahisa wa Afrika Kusini ilikuwa funzo la gharama kubwa kuhusu soko la Nigeria, ambalo linaweza kuwa na wanunuzi zaidi ya milioni 100 na bado likammaliza mgeni.

Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mafuta. Nigeria ni mzalishaji mkubwa wa mafuta ghafi barani Afrika, lakini viwanda vyake vya Serikali vya kusafisha mafuta vilikuwa vimechakaa, na nchi ikawa inauza mafuta ghafi na kununua petroli nje. Mwezi Mei 2007, siku chache kabla ya Rais Obasanjo kuondoka madarakani, kundi la wawekezaji lililomjumuisha Dangote lilinunua hisa za viwanda vya Port Harcourt na Kaduna. Serikali mpya ya Rais Umaru Yar'Adua ikautengua mkataba huo, na fedha zikarejeshwa.

Mwaka 2013 Dangote alitangaza kwamba angejenga kiwanda chake mwenyewe. Gharama iliyotajwa wakati huo ilikuwa takriban dola bilioni 9. Mradi ulihamishiwa Lekki, pembezoni mwa jiji la Lagos, ukachelewa kwa miaka kadhaa, na hadi ulipozinduliwa tarehe 22 Mei, 2023 gharama ilikuwa imefikia takriban dola bilioni 20. Kiwanda hicho kina uwezo wa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku. Kilianza kutoa dizeli na mafuta ya ndege Januari 2024, na petroli Septemba mwaka huohuo. Tangu hapo kimekuwa na mivutano ya mara kwa mara: na mamlaka kuhusu upatikanaji wa mafuta ghafi, na waagizaji wa mafuta kuhusu bei, na mwezi Septemba 2025 na vyama vya wafanyakazi wa sekta ya mafuta. Mtu aliyewahi kuwa mwagizaji sasa ndiye anayetaka waagizaji wengine wazuiwe.

Dola hizo ziko wapi?

Forbes lilichapisha orodha yake ya kwanza ya mabilionea wa dunia mwaka 1987, ikiwa na watu 140 tu. Utaratibu wake haujabadilika sana. Waandaaji huchukua idadi ya hisa anazomiliki mtu katika kila kampuni, wakazizidisha kwa bei ya hisa siku waliyoichagua, wakaongeza mali nyingine zinazojulikana kama majengo na ardhi, wakatoa madeni, kisha wakageuza jumla kuwa dola za Marekani. Kampuni isiyo katika soko la hisa hulinganishwa na kampuni za aina yake zilizo sokoni, na makadirio hayo hupunguzwa kidogo kwa sababu hisa za kampuni hiyo si rahisi kuuzika. Ndivyo anavyokadiriwa Mohammed Dewji wa Tanzania, ambaye kampuni yake ya METL haijaorodheshwa katika soko la hisa.

Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kinachoitwa utajiri wa Dangote ni tanuri za Obajana, magari, mashimo ya chokaa na mabomba ya Lekki, vyote vikiwa vimepewa bei. Akitaka kuzigeuza hisa hizo zote kuwa fedha taslimu kwa siku moja hataweza, kwa kuwa wanunuzi wa kutosha hawapo na bei itaporomoka. Mwaka 2019, katika kongamano la Taasisi ya Mo Ibrahim jijini Abidjan, alisimulia kwamba wakati mmoja alitoa benki dola milioni 10 taslimu, akazipakia garini na kuzipeleka nyumbani ili azitazame kwa macho na kuamini kwamba anazo. Kesho yake akazirudisha benki. Ukumbi ulicheka, lakini simulizi hiyo inaeleza pengo lililopo kati ya tarakimu na noti vizuri kuliko maelezo mengi ya kihasibu.

Jambo la pili ni thamani ya fedha ya nchi husika. Hisa za Dangote Cement huuzwa kwa naira, ilhali orodha huandikwa kwa dola. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ana hisa bilioni 10, kila moja ikiuzwa naira 300, hivyo mali yake ni naira trilioni 3. Dola 1 ikiwa naira 460, mtu huyo ana dola bilioni 6.5. Dola 1 ikifika naira 1,500, naye hajauza hata hisa moja, anabaki na dola bilioni 2. Hakuna tanuri iliyozimwa wala mfuko uliopotea, lakini orodha itasema amepoteza zaidi ya theluthi mbili ya utajiri wake.

Hicho ndicho kilichomkuta Dangote. Mwaka 2014 Forbes lilimkadiria kuwa na dola bilioni 25. Mwaka 2017, baada ya bei ya mafuta kuanguka na naira kushushwa thamani, makadirio yalikuwa dola bilioni 12.2, ingawa katika miaka hiyohiyo alifungua viwanda vipya katika nchi kadhaa. Naira iliporomoka tena kuanzia Juni 2023, Serikali ya Rais Bola Tinubu ilipoiachia ijipange kwa nguvu za soko, na mwanzoni mwa 2024 makadirio yalikuwa bado chini ya dola bilioni 14. Kisha mwaka 2025 yakaruka hadi dola bilioni 23.9. Sababu kubwa ni kwamba Forbes lilianza kukihesabu kiwanda cha mafuta cha Lekki, ambacho kilikuwa kimeanza kuzalisha. Shirika la Bloomberg, ambalo nalo hutoa orodha yake kila siku, lilikuwa na makadirio tofauti. Orodha zote mbili ni makadirio yenye nia njema, na msomaji anapaswa kuzisoma hivyo.

Msijute na suala la nishati

Tarehe 10 Oktoba, 2015, Rais wa wakati huo, Mhe. Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, alizindua kiwanda cha saruji cha Dangote katika eneo la Msijute, mkoani Mtwara, chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Mkoa huo una mawe ya chokaa, bandari, na gesi asilia katika eneo la Mnazi Bay. Kwa mwekezaji aliyeijifunza kazi yake Obajana, mahali hapo palikuwa na kila kitu.

Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu nishati. Tanuri ya saruji huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,400 ili mawe ya chokaa na udongo viungane kuwa klinka, na vinu vya kusaga klinka hiyo huhitaji umeme mwingi. Ndiyo maana nishati ni moja ya gharama kubwa kabisa katika bei ya kila mfuko. Kiwanda cha Mtwara kilianza kwa kutumia majenereta ya dizeli, nishati ya gharama ya juu. Mwaka 2016 Serikali ilizuia uagizaji wa makaa ya mawe kutoka nje ili viwanda vitumie makaa ya nchini, ambayo wakati huo yalitoka hasa Ngaka, wilayani Mbinga, mamia ya kilomita kutoka Mtwara. Kampuni nayo ilitaka gesi kwa bei iliyo chini ya ile iliyokuwapo. Mwishoni mwa mwaka huo uzalishaji ulisimama kwa muda, na minong'ono ikaenea kwamba mwekezaji anaondoka.

Tarehe 10 Desemba, 2016, Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alikutana na Dangote Ikulu jijini Dar es Salaam. Rais alielekeza kwamba kampuni inunue gesi moja kwa moja kutoka Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), pasipo watu wa kati ambao alisema walikuwa wakitafuta faida yao katika mvutano huo. Machi 2017 alifika kiwandani Msijute, na akaagiza kampuni ipatiwe eneo la kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 2018 gesi ilianza kutumika kiwandani hapo, na majenereta ya dizeli yakapumzishwa.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Serikali ililinda wachimbaji wa makaa wa ndani na rasilimali ya gesi, ambayo ikiuzwa kwa bei ya kutupa haiwezi kurejeshwa ardhini. Kampuni ilihesabu gharama ya kila tani dhidi ya washindani waliokwisha kuwapo, yaani Twiga ya Wazo Hill, Simba ya Tanga na Tembo ya Mbeya. Kwa uchumi wa Kusini, manufaa ya kiwanda hicho yako katika ajira, kodi, ununuzi wa gesi na makaa ya ndani, usafirishaji, na saruji ambayo haihitaji tena kusafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Masasi au Newala.

Faida nayo ina njia yake. Mfuko unaouzwa Masasi hulipiwa kwa shilingi, na shilingi hizo hulipa kodi na gharama za ndani kwanza. Kinachobaki huingia katika hesabu za kampuni mama jijini Lagos kwa naira, huathiri bei ya hisa katika soko la Nigeria, na mara moja kwa mwaka hugeuzwa kuwa dola na waandaaji wa orodha waliopo Marekani.